Emmy Noether: Mwanamke Aliyesomesha Bila Mshahara

Nilisomesha hesabu miaka mingi, na kila mwanafunzi alipokata tamaa nilikuwa na dawa moja tu ya kumpa: mvumilivu hula mbivu. Siku hizi hufikiri kwanza kabla ya kuitamka methali hiyo. Aliyenifanya nifikiri ni mama mmoja wa Ujerumani, Emmy Noether, ambaye habari za maisha yake nilizisoma nikiwa nimekwisha kustaafu.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha mji huo huo. Basi ungedhani, msomaji, kwamba njia ya binti ilikuwa nyeupe. La hasha! Zamani zile wanawake hawakuandikishwa chuoni. Waliobahatika walikaa tu darasani kusikiliza, tena kwa idhini ya mwalimu. Mnamo 1900, kati ya wanafunzi 986 wa chuo hicho, wanawake walikuwa 2 tu, na binti huyu alikuwa mmoja wao. Mlango ulipofunguliwa alijiandikisha mwaka 1904, na mwaka 1907 akapata shahada ya udaktari. Kisha kwa muda wa miaka saba hivi alifanya utafiti na kusomesha hapo hapo bila kulipwa hata senti moja.

Mwaka 1915 wanahisabati wawili mashuhuri, David Hilbert na Felix Klein, walimwita Göttingen. Wakati huo Albert Einstein alikuwa akikamilisha nadharia yake mpya ya uvutano, na ndani yake mlikuwa na fumbo. Wataalamu walizoea kuhesabu nishati kama mwenye duka ahesabuvyo fedha zake: hubadili sura na mikono, lakini jumla haizidi wala haipungui. Katika nadharia ya Einstein hesabu hiyo ilikataa kukaa sawa.

Bi. Noether alilifumbua fumbo hilo mwaka 1918. Alithibitisha kwamba penye ulinganifu wa aina fulani katika sheria za maumbile, pana kitu kisichopotea. Ikiwa sheria za jana ndizo za leo na za kesho, nishati haipotei. Ikiwa sheria za hapa ndizo za kule, msukumo wa vitu vilivyo katika mwendo haupotei. Nadharia ya Einstein, alionyesha, ina ulinganifu mpana zaidi ya huo, na ndiyo sababu nishati ya uvutano haiwezi kuhesabiwa mahali kwa mahali kwa njia ya kale. Hadi leo wanafizikia hawasogei hatua bila kanuni hiyo.

Na malipo yake? Hilbert alipoomba apewe ruhusa ya kusomesha, baadhi ya wakubwa wa chuo walikataa katakata, wakiona ni aibu kwa askari watokao vitani kufundishwa na mwanamke. Kwa hiyo mihadhara yake ikatangazwa kwa jina la Hilbert, ilhali msemaji ni yeye. Ruhusa ilipatikana mwaka 1919. Mwaka 1922 alipewa cheo cha profesa, lakini cheo kitupu kisicho na mshahara. Ujira mdogo ulikuja baadaye. Hata hivyo hakununa. Katika miaka hiyo hiyo aliijenga upya aljebra, na vijana kutoka nchi mbalimbali wakamfuata kama vifaranga.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimfukuza kazi kwa kuwa alikuwa Myahudi. Hapo nyumbani kwake pakawa darasa, akaendelea kuwapokea wanafunzi. Mwishoni mwa mwaka huo alihamia Marekani, akasomesha katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania, na kutoa mihadhara huko Princeton. Lakini raha hiyo haikudumu. Alipasuliwa kwa sababu ya uvimbe, na siku chache baadaye, tarehe 14 Aprili 1935, akafariki dunia, umri wake miaka 53. Majivu yake yamezikwa hapo Bryn Mawr, karibu na maktaba.

Naam, alivumilia kuliko wengi niwajuao, lakini mbivu zake tunazila sisi. Methali yetu ni ya kweli na sitaiacha. Ila nimejifunza kwamba humwambia mvumilivu peke yake, na kumwacha yule ashikaye ufunguo wa ghala akilala usingizi. Wewe mwenzangu uliye mwalimu, mzazi au mkubwa wa kazi, kabla ya kumhimiza mtoto wa kike asubiri, hebu jipapase mfukoni kwanza. Huenda ufunguo unao wewe.