Aldo Leopold, mwindaji aliyebisha hodi kwa mwenye shamba

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwindaji hana budi kuomba ruhusa kabla ya kuingia na mbwa wake katika shamba la mtu. Aliyeona kwamba ruhusa hiyo ingeweza kuwa mwanzo wa ubia ni Aldo Leopold, mwanasayansi aliyefariki dunia mwaka 1948.

Leopold alizaliwa tarehe 11 Januari 1887 mjini Burlington, Iowa, ukingoni mwa mto Mississippi. Baba yake, mtengenezaji wa samani, alimfundisha kuwinda na pia kujizuia: aliacha kuwinda bata katika majira ya kuchipua kabla sheria haijamlazimisha. Mwaka 1909 Leopold alihitimu shahada ya uzamili ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akaitumikia Idara ya Misitu huko Arizona na New Mexico. Mwaka 1924 alihamia Madison, Wisconsin.

Starehe yake kubwa ilikuwa kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Mbwa hutangulia vichakani akinusa. Apatapo harufu husimama kimya, pua ikielekea alipojificha ndege, na mwindaji husogea taratibu bunduki ikiwa tayari.

Lakini ndege walikuwa wakipungua. Wakulima walifyeka vichaka na kukausha mabwawa, huku wawindaji wa mjini, wakisafiri kwa magari, wakiingia mashambani bila hodi. Wenye ardhi walijibu kwa mabango ya kuwakataza. Kisheria ndege wa porini walikuwa mali ya umma, ilhali chakula na maficho yao vilikuwa mikononi mwa mkulima, ambaye hakuambulia chochote ila uharibifu.

Mwaka 1928 Leopold aliacha kazi ya serikali, akazunguka majimbo ya kaskazini ya kati kuchunguza hali ya wanyama na ndege wa kuwindwa. Alihitimisha kwamba marufuku peke yake hayatoshi. Mwenye ardhi lazima apate sababu ya kuwatunza. Mwaka 1931, karibu na kijiji cha Riley, alikutana na mkulima aliyechoshwa na wavamizi. Wakaunda ushirika: wakulima walitoa ardhi, wanachama wa mjini wakachangia gharama. Walipanda vichaka, wakalisha ndege wakati wa theluji, na kila mwindaji akajulikana kwa jina.

Mwaka 1933 alichapisha kitabu cha usimamizi wa wanyamapori, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamfanya profesa wa fani hiyo. Miaka miwili baadaye alinunua shamba lililochakaa kando ya mto Wisconsin. Hapo yeye, mkewe Estella na watoto wao watano walipanda maelfu ya misonobari, na hapo aliwinda na mbwa wake Gus. Safari hii mwenye shamba alikuwa yeye mwenyewe, na wajibu aliokuwa akiwahimiza wengine ukawa juu ya mabega yake.

Tarehe 21 Aprili 1948 moto wa nyasi ulizuka katika shamba la jirani. Leopold alikwenda kusaidia kuuzima, moyo ukamshinda, akafia hapohapo akiwa na umri wa miaka 61. Kitabu chake mashuhuri, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka uliofuata.