Stokes na Fumbo la Maji Yendayo

Mtoto wa Mji wa Kale hulijua bamvua na maji mafu kabla hajamaliza juzuu yake ya kwanza. Anajua lini maji yatapanda ngazi za Leven na lini mashua zitalala ubavu juu ya matope. Pamoja na ujuzi huo, ndugu msomaji, liko jambo moja la maji ambalo hakuna mwanachuoni aliyelifumbua hadi leo, na jina lililofungamana nalo ni la George Gabriel Stokes. Naona sisi watu wa pwani tuna haki ya kumjua kuliko wa bara.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, jimbo la Sligo, Ireland, kitinda mimba wa kasisi. Bahari ya huko ni Atlantiki, yenye mawimbi makali. Siku moja, akiwa mvulana anaoga, wimbi kubwa nusura limchukue. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuvutwa na mawimbi. Wengi wakinusurika hivyo huisusia bahari, yeye aliifuata.

Mwaka 1837 aliingia Pembroke, Cambridge, na 1841 akawa wa kwanza katika mtihani mkuu wa hisabati. Mwaka 1849, akiwa na miaka 30, alipewa kiti cha ualimu alichowahi kukikalia Newton, naye akakikalia zaidi ya miaka 50, mpaka kufa kwake.

Kazi iliyompa jina ni ya 1845. Umar Khayyam, ambaye wengi wetu twamjua kwa ushairi tu, alikuwa bingwa wa milinganyo, lakini milinganyo yake ilitafuta namba. Ya Stokes ni ya mabadiliko: haikwambii maji yako wapi, bali yanageukaje kila punde kwa sababu ya msukumo, uzito na msuguano wa maji kwa maji, ule unaoifanya asali imiminike polepole. Mfaransa Navier, mhandisi wa madaraja, alikuwa ameiandika 1822 kwa njia nyingine. Stokes aliifikia kwa fikira zake, na sasa yabeba majina yao yote mawili.

Kutoka humo alitoa, mwaka 1851, kanuni ya vitu vidogo vinavyozama. Tazama kikombe cha kahawa chungu: chembe nene hutua mwanzo, vumbi lake hukawia. Chembe yenye upana maradufu huzama kwa kasi mara nne, madhali zote ni ndogo sana na za aina moja. Na kuhusu mawimbi, mwaka 1880 alikisia kuwa wimbi refu kupita yote, kabla ya kuvunjika, huwa na ncha ya nyuzi 120. Wanahisabati walithibitisha mwaka 1982, yeye akiwa kaburini miaka 79.

Katika mapenzi hakuwa hodari hivyo. Alipomposa Mary Robinson alimwandikia barua ya kurasa 55, na bibi huyo karibu avunje uchumba. Sisi washairi tungalimshauri beti nne tu! Walioana 1857, na kwa desturi ya chuo ikambidi aache nafasi yake ya Pembroke kwa kuwa ameoa.

Alifariki tarehe 1 Februari 1903, akiacha swali lililo wazi. Tukianza na maji yanayokwenda taratibu, je, milinganyo yake itayaeleza daima bila hitilafu, au yaweza kufika mahali kasi ikapanda bila ya kikomo, hesabu ikapasuka? Kwa maji ya bapa, yasiyo na kina, jibu limepatikana: hayapasuki. Jean Leray, mwaka 1934, aliyafikia majibu ya maji yenye kina, lakini hakuweza kuonyesha kuwa hubaki laini siku zote. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola 1,000,000 kwa atakayejibu, kwa ndiyo au kwa la. Mabaharia na wahandisi huitumia milinganyo hiyo kila siku, kwa kuamini tu kwamba haitawavunjikia mkononi.

Zawadi bado haijachukuliwa. Na maji yanapopwa kutoka Tudor, yakizipiga nguzo za daraja la Nyali na kufanya vizingia nyuma yake, ndiyo hayo hayo yanayoulizwa.