Mtakatifu Sipriani na Ubatizo wa Wazushi

Si kila maoni ya askofu ni mafundisho yanayotufunga katika imani. Ambaye neno hili lamtia hofu, na amtazame Sipriani, askofu wa Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia.

Alizaliwa mpagani, akawa mwalimu mashuhuri wa ufasaha. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na mnamo mwaka 249, angali mchanga katika imani, watu wakamtaka awe askofu wao. Dhuluma ya Kaisari Desio ilimkuta mara. Ilipotulia, likazuka swali gumu: mtu aliyebatizwa na wazushi, akija katika Eklezia, abatizwe upya?

Sipriani alisema ndiyo. Wazushi hawana Roho Mtakatifu. Basi wampeje mwingine wasichokuwa nacho? Hoja hiyo ina nguvu, nasi tusiidharau. Septemba 256 maaskofu 87 wa Afrika walikutana Karthago, wote wakawa upande wake. Huko Roma Papa Stefano alikataa: desturi ya zamani yatosha, ndiyo kumwekea mikono mwenye kutubu, kwa maana abatizaye hasa ni Kristo. Barua zilizovuka bahari zilikuwa kali.

Wale 87 walikuwa wengi, na wachungaji wenye bidii, nao walikosea. Lakini Sipriani alipoufungua mkutano ule aliwataka waseme kila mmoja aonavyo, bila kumhukumu wala kumtenga mwenye kuona vingine. Hakuyafanya maoni yake kuwa kipimo cha Ukatoliki wa mwenziwe. Baadaye wafuasi wa Donato walilitumia jina lake kuupasua umoja, na Mtakatifu Augustino akawajibu kwamba yeye, pamoja na kosa lake, hakujitenga kamwe.

Stefano alifariki mwaka 257. Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristo tarehe 14 Septemba 258. Mtaguso wa Arles, mwaka 314, ulifuata njia ya Roma, na ule wa Trento, mwaka 1547, ukaifunga kabisa kuwa imani ya Eklezia.

Ndiyo maana Mlutheri aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akitaka kuwa Mkatoliki habatizwi tena, ijapokuwa wakwe wengine hunung'unika. Naye Sipriani, aliyekataa hayo, hutajwa pamoja na mashahidi katika Kanuni ya Kirumi ya Misa.