Bayard Rustin (1912–1987): Kuvunjika na Kujengwa Upya kwa Mapenzi na Imani ya Nafsi

Utangulizi

Maisha ya Bayard Rustin yameelezwa mara nyingi kwa upande wa siasa. Anatajwa kuwa mratibu mkuu wa Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, mfuasi wa falsafa ya Gandhi ya kutotumia nguvu, na mshauri wa Martin Luther King. Upande wa pili, yaani maisha yake akiwa mwanamume aliyewapenda wanaume, kwa muda mrefu uligusiwa pembeni tu, au ulitajwa pale palipokuwa na kashfa. Makala haya yanashughulikia upande huo. Yanakusudia kuonyesha jinsi mtu aliyepoteza mpenzi, na baadaye akapoteza heshima yake mbele ya umma, alivyoijenga tena imani juu ya nafsi yake na uwezo wa kuishi na mwenzi. Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki, kwa kuwa sehemu ya safari hiyo ilipitia Dar es Salaam mwaka 1962.

Yafaa kwanza kusema neno kuhusu istilahi. Kiswahili kina majina kadhaa ya kumtaja mwanamume wa namna hiyo, lakini mengi yake ni ya kejeli au matusi. Hata neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa upendo, hubeba dharau linapoelekezwa kwa mwanamume. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia maelezo ya wazi badala ya majina hayo.

Malezi

Rustin alizaliwa tarehe 17 Machi 1912 katika mji wa West Chester, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alilelewa na babu na bibi yake, Janifer na Julia Rustin. Utotoni aliwadhani hao kuwa ndio wazazi wake, na mama yake mzazi, Florence, akamdhani kuwa ni dada yake. Bibi Julia alikuwa amekulia katika mafundisho ya Wakweka, dhehebu ambalo Afrika Mashariki hujulikana zaidi kwa jina la Marafiki, na ambalo hukataa vita na husisitiza usawa wa binadamu.

Katika ujana wake Rustin alimweleza bibi yake kwamba alipendelea kuwa pamoja na wavulana. Bibi hakumkemea wala hakumfukuza. Jambo hili ni la msingi katika kuyaelewa yaliyofuata. Aibu iliyomkuta Rustin ukubwani haikuwa imepandwa nyumbani. Ililetwa na magereza, mahakama, magazeti na, kwa uchungu zaidi, wenzake katika harakati.

Davis Platt na barua za gerezani

Mwaka 1941 Rustin alijiunga na Ushirika wa Upatanisho, jumuiya ya wapinga vita iliyoongozwa na A. J. Muste, ambaye alikuwa kwake kama baba. Mwaka 1943 alikutana na Davis Platt, kijana Mzungu aliyekuwa mwanafunzi, wakapendana. Mwaka 1944 Rustin alifungwa kwa kukataa kwa imani yake kutumikia vita, na akapelekwa katika gereza la Ashland, jimbo la Kentucky. Huko aliongoza upinzani dhidi ya ubaguzi wa rangi miongoni mwa wafungwa. Katikati ya upinzani huo wakuu wa gereza walimshtaki kwa uhusiano wa kimwili na wafungwa wenzake. Mwanzoni alikana; baadaye alikiri kwa Muste. Upinzani ule ulidhoofika, na Muste alimwandikia kwa ukali, akimtaka ajirekebishe.

Barua za kipindi hicho zina umuhimu wa kiisimu. Kwa kuwa zilisomwa na wakaguzi wa gereza, Platt alitajwa humo kwa jina la kike, Marie. Katika Kiingereza hila hiyo haikuishia kwenye jina, kwa kuwa viwakilishi vyote vya nafsi ya tatu umoja vililazimika kubadilishwa ili vipatane na jinsia ya kubuni. Kiswahili hakina mzigo huo: yeye na kiambishi a- humtaja mwanamume na mwanamke sawasawa, na mwandishi angeweza kuandika kurasa nyingi bila kusema uongo wala kufichua siri. Rustin hakuwa na nafasi hiyo ya ukimya. Kila sentensi ilimtaka ajikane yeye na mpenzi wake.

Rustin aliachiliwa mwezi Juni 1946. Platt alikuwa amemngoja, nao wakaishi pamoja New York. Hata hivyo uhusiano haukudumu. Rustin alikuwa safarini mara kwa mara kwa kazi za harakati, na hakuweza kujifunga kwa mpenzi mmoja. Platt akaondoka. Katika kuachana huko hakukuwa na adui wa nje wa kulaumiwa moja kwa moja. Hata hivyo inaweza kuhojiwa kama mtu aliyefundishwa kuyatafuta mapenzi kwa siri na kwa haraka angeweza kujua, mara tu atokapo gerezani, namna ya kuyakalia nyumbani mchana kweupe.

Pasadena, 1953

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi. Mwaka 1947 alishiriki katika safari ya mabasi ya kupinga ubaguzi kusini mwa Marekani, na kwa ajili hiyo alitumikia siku 22 za kazi ngumu akiwa na mnyororo huko North Carolina mwaka 1949. Alitembelea India, kisha mwaka 1952 Afrika Magharibi, ambako alikutana na Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe.

Tarehe 21 Januari 1953, baada ya kuhutubia katika mji wa Pasadena, jimbo la California, alikamatwa usiku akiwa garini na wanaume wawili. Alihukumiwa kifungo cha siku 60. Habari ziliandikwa magazetini, na Ushirika wa Upatanisho ukaachana naye. Hivyo kwa usiku mmoja alipoteza kazi, jina, na imani ya mtu aliyemheshimu kuliko wote. Kuachwa na Platt kulikuwa msiba wa watu wawili. Safari hii aliachwa na jumuiya nzima aliyoitumikia kwa miaka 12.

Ujenzi wake mpya ulianzia katika mambo madogo. Alirudi New York, akaonana na daktari wa magonjwa ya nafsi, na akapokewa na marafiki wachache. Mwaka huohuo Umoja wa Wapinga Vita ulimwajiri kuwa katibu mtendaji, japokuwa Muste alipinga. Waajiri hao walijua habari zote, na hilo ndilo lililoipa ajira hiyo thamani isiyokuwa ya mshahara. Hata hivyo hofu ilibaki. Kijitabu mashuhuri cha Wakweka kuhusu amani kilipotolewa mwaka 1955, jina lake liliondolewa katika orodha ya waandishi, ingawa alikuwa ameshiriki kukiandika.

Tom Kahn na jaribu la 1960

Mwaka 1956 Rustin alikwenda Montgomery kumsaidia Martin Luther King katika mgomo wa mabasi, akiwa mwalimu wake katika mbinu za Gandhi. Mwishoni mwa muongo huo alipendana na Tom Kahn, kijana msoshalisti kutoka New York. Mapenzi hayo nayo yalikwisha, lakini hayakwisha kama yale ya kwanza. Wawili hao walibaki marafiki na wafanyakazi wenza, na Kahn alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake wa karibu mwaka 1963. Hapa panaonekana badiliko: Rustin alikuwa amejifunza kwamba mwisho wa mapenzi si lazima uwe mwisho wa ukaribu.

Mwaka 1960 mbunge Adam Clayton Powell alitishia kueneza uvumi wa uongo kwamba Rustin na King walikuwa wapenzi. Rustin alijitoa katika kazi za King, naye King hakumzuia. Wenzake wanasimulia kwamba jambo hilo lilimuumiza sana.

Dar es Salaam, 1962

Katika hali hiyo ndipo alipofika Tanganyika, miezi michache tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Alikuja pamoja na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi mpinga vita, na kasisi Mwingereza Michael Scott, kwa niaba ya Kikosi cha Amani cha Dunia kilichoundwa Lebanon. Azma yao ilikuwa kuandaa, pamoja na Kenneth Kaunda na viongozi wa Tanganyika, maandamano ya amani ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Maandamano hayakufanyika, kwa kuwa chama cha Kaunda kiliamua kushiriki uchaguzi wa mwaka huohuo. Sutherland alifanya makazi Dar es Salaam kwa miongo mingi. Rustin alirejea Marekani.

Si sahihi kudai kwamba Tanganyika ilimpa Rustin uhuru wa mapenzi. Sheria ya adhabu iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza ilikataza mahusiano ya aina yake. Alichokipata ni kitu kingine: nafasi ya kutumikia kwa ujuzi wake, wakati ambapo nchini mwake ujuzi huo ulifunikwa na kashfa.

Kusimama hadharani na mapenzi ya uzeeni

Mwaka 1963 A. Philip Randolph alimkabidhi kazi ya kuandaa Maandamano ya Washington. Mwezi Agosti, siku chache kabla ya maandamano, Seneta Strom Thurmond alisimama katika Baraza la Seneti na kulitangaza shauri la Pasadena. Silaha ileile ya 1953 na 1960 ilitumika tena, lakini safari hii Randolph na viongozi wenzake walisimama upande wake. Watu wapatao 250,000 walikusanyika, na kazi ya Rustin ikaonekana kwa macho ya wote.

Imani ya nafsi ilitangulia. Mwenzi alikuja baadaye. Mwezi Aprili 1977, akiwa na umri wa miaka 65, Rustin alikutana na Walter Naegle, aliyekuwa na miaka 27. Waliishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Kwa kuwa sheria haikuwatambua kuwa wenzi, mwaka 1982 Rustin alimpanga Naegle kuwa mwanawe kisheria. Afisa wa ustawi wa jamii aliwatembelea nyumbani, na mama mzazi wa Naegle akalazimika kutia saini hati ya kumwachilia mwanawe. Kwa mara nyingine lugha ilitumika kufunika: katika barua mpenzi aliitwa Marie, na katika hati ya mahakama aliitwa mwana. Lakini kazi za majina hayo mawili ni tofauti. La kwanza lilificha mapenzi yasionekane. La pili lililinda nyumba ambayo marafiki na jamaa waliijua.

Katika miaka ya 1980 Rustin alianza kutetea hadharani haki za wanaume na wanawake wa hali yake. Alifariki New York tarehe 24 Agosti 1987. Mwaka 2013 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru, iliyopokewa na Naegle, na mwaka 2020 gavana wa California alimfutia hatia ya Pasadena.

Hitimisho

Mambo matatu yanadhihirika. Kwanza, hasara ya mapenzi na hasara ya heshima zilimjia Rustin zikiwa zimeshikana, na haikuwezekana kuiponya moja bila nyingine. Pili, hakuponywa na mpenzi mpya. Aliponywa kwanza na kazi, na watu waliomjua bila kumkataa, na bibi aliyemkubali mapema. Tatu, uponaji huo ulichukua muda mrefu: kati ya kuondoka kwa Platt na kuja kwa Naegle ilipita takribani miaka thelathini. Uchambuzi wa maisha yake unaoiacha miaka hiyo kando utaeleza maandamano yake, lakini hautaeleza alipata wapi nguvu ya kuyaongoza.