MSHIKA MAWILI WA UHOLANZI

Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Leo nawaletea maisha ya bwana mmoja aliyetafuta njia ya kushika mawili bila moja kuponyoka.

Edsger Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 mjini Rotterdam, Uholanzi. Babake alikuwa mwanakemia na mamake mwanahisabati. Alisomea fizikia huko Leiden, lakini mwaka wa 1952 akaanza kazi ya kuandika programu za tarakilishi mjini Amsterdam. Kazi yenyewe haikutambuliwa na watu. Alipofunga ndoa mwaka wa 1957 alisema yeye ni mwandishi wa programu, wakubwa wakakataa katakata. Ikabidi aandikwe mwanafizikia!

Zamani hizo tarakilishi ikitaka kuchapisha kitu ilingoja tu, ikiiuliza mashine ya kuchapa kila mara kama imemaliza. Njia hii ni rahisi lakini inapoteza wakati. Njia ya pili ni tarakilishi iendelee na shughuli zake, na mashine ikimaliza iikatize. Wenzake waliounda tarakilishi iitwayo X1 walitaka njia ya pili. Dijkstra aliogopa, akawacheleweshea uamuzi miezi mitatu. Mbona? Manake kukatizwa huja wakati wowote, na kosa la leo huenda lisionekane tena kesho ukilitafuta. Hata hivyo hakutoroka. Aliandika programu hiyo, nayo ikampa shahada ya udaktari mwaka wa 1959.

Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven. Huko alibuni semafo, jina lililotoka kwa ishara za reli. Treni mbili zikitaka kipande kimoja cha reli, moja hupita na nyingine hungoja ishara. Vivyo hivyo programu inayongoja hulala hadi iamshwe.

Lakini kungoja nako kuna hatari. Mwaka wa 1965 aliwapa wanafunzi wake swali ambalo siku hizi husimuliwa hivi: wanafalsafa watano wameketi mezani, uma ni tano, na kila mmoja anahitaji mbili ndipo ale. Wote wakishika ya kushoto kwa pamoja, wote watangojana hadi wafe njaa! Dawa moja ni kuruhusu wanne tu waketi. Basi mmoja lazima atapata mbili, ale, aziachilie.

Mwaka wa 1972 alipewa Tuzo ya Turing. Aliaga dunia tarehe 6 Agosti 2002 huko Nuenen, Uholanzi.

Wenzangu, sisi wa shule ya kutwa tunashika vitabu huku na kazi za nyumbani huku. Huyu bwana ametufunza kuwa kushika mawili si kosa. Kosa ni kuyashika bila utaratibu.