MOHAMED AMIN: KIJANA ALIYEANZA NA KAMERA KUUKUU

Chama cha Kiswahili kiliniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi walitarajia rais, au mwandishi wa vitabu tunavyosoma darasani. La hasha! Azma yangu ni kuwa mwelekezi wa filamu, na huku kwetu Subukia ukisema hivyo watu wanakucheka. Wao wanaona filamu ni mambo ya Marekani, na mwenye kamera ni yule wa kualikwa harusini. Kwa hivyo nikamtafuta mtu wa hapa hapa Kenya aliyeanza kazi ya kamera akiwa rika letu.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, asili yake Punjab, na jamaa hiyo haikuwa ya kitajiri. Mohamed akiwa bado mtoto walihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikonunua kamera yake ya kwanza aina ya Box Brownie, tena kuukuu. Kwa wale wasioijua, hiyo ni kisanduku tu chenye kioo mbele. Mkanda mmoja ulitoa picha nane, basi. Nane! Siku hizi mtu anapiga picha mia moja kwa simu kabla ya chakula cha mchana, na zote ni za uso wake mwenyewe. Mimi nadhani ule uhaba ndio uliomfunza. Mtu mwenye picha nane hupiga hesabu kwanza: jua liko wapi, nisimame wapi, ningoje nini.

Hakungoja kumaliza shule. Akiwa bado mwanafunzi alikuwa tayari anapiga picha na kuwauzia watu wa magazeti. Mwaka 1963, akiwa na umri wa karibu miaka 20, alianzisha kampuni yake mwenyewe hapo Dar es Salaam akaiita Camerapix. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Zanzibar yakazuka, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha wakati wengine wanatafuta njia ya kutoka. Lakini kamera si mchezo. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar kwa sababu ya picha zake, akafungwa karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa Tanzania. Akarudi Nairobi karibu mikono mitupu, akaanza upya.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga vikali nilipomsimulia haya. Alidai Mohamed Amin alikuwa mwanahabari tu, wala hakuwa mwelekezi wa filamu. Kweli, hakuwa na waigizaji. Hata hivyo, kuamua nani aonekane, kwa muda gani na kutoka wapi, si ndiyo kazi yenyewe ya mwelekezi? Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Mohamed alifika upesi mno, akaendelea kurekodi hata ndani ya gari la wagonjwa. Filamu hiyo ilimpatia tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni kule Uingereza. Hakuna aliyempangia jukwaa.

Nikifika mwaka 1984 naomba tuende polepole. Ethiopia ilikuwa na njaa kali, na kibali cha kwenda kaskazini mwa nchi kilikuwa kigumu kupatikana. Mohamed alihangaika mpaka akakipata, wakaenda yeye na Michael Buerk wa BBC hadi Mekele na Korem. Kumbuka kwamba walifika Korem alfajiri. Uwanda umejaa ukungu na moshi, na maelfu ya watu wamejikunyata chini kwa baridi. Kamera yake haikukimbia. Ilipita taratibu juu ya nyuso, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu. BBC ilionyesha habari hiyo tarehe 23 Oktoba 1984, na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani vikaionyesha pia. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona akakosa raha, akawakusanya wenzake wakarekodi wimbo wa kuchanga fedha. Tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika yale matamasha makubwa ya Live Aid, London na Philadelphia.

Wako wanaouliza kama ni halali kumpiga picha mtu anayekufa njaa. Swali hilo limenisumbua, sifichi. Jibu langu ni kwamba yategemea unavyomtazama. Yule mama wa Korem ndani ya filamu ile bado ni mama, hakugeuzwa kioja.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, alifariki, na Mohamed akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, na baada ya muda si mrefu akarudi kazini nao. Lo! Mimi nikiumwa na jino siji shule. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa safarini kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi wakati ndege ya Ethiopian Airlines ilipotekwa nyara. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa, yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53. Mwanawe Salim baadaye alitengeneza filamu juu ya maisha ya baba yake, iitwayo Mo & Me, iliyotoka mwaka 2006.

Sasa nageukia kwetu. Simu haziruhusiwi shuleni, nami sibishani na sheria. Lakini sisi wa kutwa tunarudi nyumbani jioni. Simu ya dada yangu ina ufa kwenye kioo, hata hivyo inarekodi, na Jumamosi nimejipa sheria ya Mohamed: vipande vinane tu, visizidi. Nimemrekodi fundi wa baiskeli sokoni na nyanya yangu akipukuchua mahindi. Baba bado anaona kamera haiwezi kulisha mtu. Walimu wetu wapendwa, tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza siku hizi lina kitengo cha filamu, na sisi hupeleka mashairi na mchezo wa jukwaani pekee. Twaomba muhula ujao chama kiruhusiwe kuazima kamera moja, itunzwe ofisini kwa mlezi wa chama. Hadithi tayari tunazo, na mimi nimeshaandika kurasa sita.