Graf Zinzendorf, Mtu Aliyejibu kwa Maisha Yake

Kila mwaka, zijapo siku za Mateso ya Bwana wetu, twakusanyika kanisani kusikia habari za msalaba, na wengine wetu hutokwa na machozi. Kisha twarudi nyumbani. Je, kesho yake jirani zetu waona nini kwetu? Wapendwa wasomaji, mwezi huu twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa kale ambaye swali hili lilimshika katika ujana wake, naye akatumia siku zake zote zilizobaki kulijibu. Jina lake ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf.

Alizaliwa Dresden, mji mkuu wa Saxony katika Ujerumani, tarehe 26 Mei 1700. Watu wa ukoo wake walikuwa na cheo cha Graf, yaani wakubwa wenye mashamba na vijiji. Baba yake alikufa mtoto akiwa na umri wa majuma sita tu. Mama yake alipoolewa tena, mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke mwenye elimu na mwenye kudumu katika sala. Katika nyumba hiyo alizoea tangu utoto kusema na Mwokozi kama mtu asemavyo na rafiki yake.

Alipokuwa na miaka 10 alipelekwa shuleni Halle, kwa August Hermann Francke, yule mchungaji wa Kilutheri aliyejenga nyumba kubwa ya yatima. Huko alisikia habari za kazi ya Injili katika India, hata yeye na rafiki zake wakaagana kumtumikia Kristo na kuwafikia watu wasiofikiwa na wengine. Lakini jamaa zake hawakutaka awe mchungaji, kwa kuwa waliona kazi hiyo haimfai mtu wa cheo chake. Basi akapelekwa Wittenberg kusoma sheria.

Mwaka wa 1719 alianza safari ya kuzitazama nchi za Ulaya, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa nyumba kubwa. Alipofika Düsseldorf aliingia katika nyumba ya picha, akaona picha ya Bwana Yesu mwenye taji ya miiba, iliyochorwa na Domenico Feti. Chini yake palikuwa na maneno ya Kilatini, kana kwamba Bwana mwenyewe anamweleza mtazamaji kwamba mateso yale ameyapata kwa ajili yake, tena anamwuliza yeye amemfanyia nini. Kijana akasimama pale. Tangu utoto alimpenda Mwokozi, lakini sasa alitambua kwamba hana jibu kubwa la kutoa, akaona haya. Akamwomba Bwana amvute katika ushirika wa mateso yake.

Twaomba msomaji aangalie neno hili. Hakudhani kwamba aweza kulipa deni la msalaba. Alikuwa Mlutheri, naye alijua vema kwamba wokovu ni zawadi. Lakini aliyepewa zawadi kubwa hawezi kuishi kama mtu asiyepewa kitu.

Aliporudi alifanya kazi ya serikali huko Dresden, akanunua shamba la Berthelsdorf, na mwaka wa 1722 akamwoa Erdmuthe Dorothea von Reuss. Mwaka huo huo wakafika watu wachache waliokimbia Moravia, nchi ambayo wazee wao walikuwa wameteswa kwa ajili ya imani yao. Kiongozi wao alikuwa Christian David, seremala. Zinzendorf akawapa mahali pa kukaa katika shamba lake, nao wakakata miti na kujenga kijiji, wakakiita Herrnhut, maana yake mahali palindwapo na Bwana.

Watu wakaongezeka, na ugomvi ukaongezeka pamoja nao. Wengine walikuwa Wamoravia, wengine Walutheri, wengine wa madhehebu mengine, na kila mmoja alishindana kwa ajili ya desturi zake. Wako hata waliomtukana yule bwana aliyewapa ardhi. Angaliweza kuwafukuza, maana shamba lilikuwa lake. Lakini mwaka wa 1727 aliiacha kazi yake ya Dresden, akaja kukaa nao, akaenda nyumba kwa nyumba, akisikiliza, akionya na kusali. Mwezi wa Mei wakatia sahihi mapatano ya kuishi kama ndugu. Tarehe 13 Agosti walikusanyika katika kanisa la Berthelsdorf kushiriki Chakula cha Bwana, na hapo mioyo yao ikayeyuka, waliokuwa wakichukiana wakapatana. Siku chache baadaye wakaanza zamu za sala, mchana na usiku, na zamu hizo ziliendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1728 Zinzendorf alianza pia kuwapa neno fupi la kushika kila siku, na kitabu cha maneno hayo kimechapwa kila mwaka tangu 1731, nacho chasomwa katika lugha nyingi.

Mwaka wa 1731 alikwenda Copenhagen, kwa sherehe ya kutawazwa mfalme wa Denmark. Huko akakutana na Anton, mtu mweusi aliyetoka kisiwa cha St. Thomas, aliyekuwa mtumwa. Anton alimweleza dhiki ya ndugu zake waliobaki kisiwani, na jinsi walivyotamani kulisikia Neno la Mungu. Habari hizo zilipofika Herrnhut, Leonhard Dober, mfinyanzi, hakupata usingizi. Alikuwa tayari kuwa mtumwa yeye mwenyewe, kama hakuna njia nyingine ya kuwafikia. Mwezi wa Agosti 1732 yeye na David Nitschmann, seremala, wakaondoka kwa miguu, fedha yao ikiwa kidogo. Mwaka uliofuata wengine wakaenda Greenland, nchi ya barafu, na mwaka wa 1737 Georg Schmidt akafika Afrika ya Kusini. Hawa hawakuwa watu wa elimu kubwa. Walikwenda kwa sababu walijua wamenunuliwa kwa bei ya damu.

Zinzendorf naye alipata hasara yake. Mwaka wa 1734 alipokewa kuwa mchungaji wa Kilutheri, ingawa jamaa zake waliona ni aibu, na mwaka wa 1737 akawekwa kuwa askofu wa Ndugu wa Moravia. Serikali ya Saxony ilimfukuza katika nchi yake mwaka wa 1736, wala haikumruhusu kurudi mpaka 1747. Mali yake iliisha katika kazi hiyo, na mkewe ndiye aliyehangaika na hesabu na madeni.

Lakini yatupasa kusema kweli yote, kwa kuwa sifa tupu hazimjengi mtu. Mwaka wa 1739 alifika St. Thomas, akawakuta wamisionari wamefungwa gerezani, akawatetea hata wakafunguliwa. Hata hivyo, alipoagana na watumwa waliomwamini Kristo, aliwaagiza kuwatii mabwana zao, wala hakuukemea utumwa wenyewe. Tena ndugu wa kisiwa hicho walikuwa na shamba lililolimwa na watumwa. Utumwa wa visiwa vile haukukomeshwa mpaka mwaka wa 1848. Basi mtu aweza kushukuru kwa moyo wa kweli, na bado asiuone mzigo ulio mabegani mwa ndugu yake. Na sisi tujiulize ni mzigo gani tusiouona.

Kosa la pili lilitokea katika kijiji cha Herrnhaag. Huko vijana, pamoja na Christian Renatus, mwana wa Zinzendorf, waliimba sana juu ya majeraha ya Bwana, hata ibada yao ikawa kama mchezo, na maneno yao yakapita kiasi. Machozi na nyimbo zilikuwa nyingi, lakini kazi na kiasi vilipungua. Mwaka wa 1749 baba aliamka, akaandika barua za kuwakemea, akamwita mwanawe aje kwake London. Wala hakuwatupia vijana lawama yote, bali alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameifungua njia hiyo. Kijana akatubu, na mwaka wa 1752 akafa, umri wake miaka 24.

Zinzendorf alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760. Wakati huo ndugu walikuwa wamekwisha kutuma wamisionari zaidi ya 200. Nasi wa Afrika ya Mashariki tu jamaa ya kazi hiyo, maana mwaka wa 1891 Wamoravian walifika Rungwe, karibu na Ziwa Nyasa, na mwaka huo huo Walutheri wa misioni ya Berlin wakaanza kazi jirani yao.

Basi, ndugu, tumeona nini? Tumeona kwamba kuuangalia msalaba ni mwanzo wa shukrani, nao mwisho wake haujafika mtu akiisha kulia na kuimba. Shukrani ya Zinzendorf ilikuwa imara alipokwenda nyumba kwa nyumba kupatanisha wagomvi. Ilikuwa dhaifu alipomwacha mtumwa katika minyororo yake. Na iliponywa alipokubali kukemewa na kosa lake mwenyewe. Mwalimu afundishaye habari za Mateso, na huku hasemi na mwalimu mwenzake, bado hajajibu. Mzee wa kanisa asukumaye mpaka wa shamba la mjane, bado hajajibu. Amlipaye kibarua wake haki yake kabla ya jua kutua, akafanya hivyo kwa kumkumbuka Yeye aliyemfia, huyo ameanza kujibu.

Hatutalipa deni la msalaba kamwe, wala Bwana hatudai malipo. Lakini atuuliza, na kila siku atupayo ni nafasi ya kumjibu.